Kabla ya Kushika Bomba: Utangulizi wa Elimu ya Visumbufu vya Matunda

Mkulima wa Shinyanga aliifahamu dawa ya wadudu kwenye pamba kwanza. Matunda yalifuata baadaye sana. Mwembe ulikuwa wa kivuli na wa watoto, mpapai uliota wenyewe nyuma ya jiko, na nanasi la Geita liliishia kwa majirani kabla halijapata gari la kulipeleka mjini. Leo Kahama na Geita zimekuwa miji mikubwa, migodi imeleta watu wanaonunua chakula kila siku, na kijana aliyechoka kusubiri mgawo wa mawe kwenye duara la wachimbaji wadogo anakodi nusu ekari ya bonde apande matikiti maji au nyanya. Bomba analobeba mgongoni, kipimo chake cha dawa na ratiba yake ya kupiga, vyote amevirithi kwenye pamba. Na pamba hailiwi. (Mafuta ya mbegu zake tunayapikia, ndiyo, lakini hayo hupita kiwandani kwanza.)

Ndiyo maana utangulizi huu hauanzi na orodha ya sumu. Vitabu vingi vya somo hili vinaanza na majina ya viuatilifu na majedwali ya vipimo, na msomaji anatoka akiijua chupa bila kumjua mdudu. Wewe unayeingia leo, uwe mwanafunzi wa kilimo, afisa ugani wa kata au mwenye shamba, karibu uingie kwa mlango mwingine. Mjue mdudu kwanza: anakaa wapi wakati hayumo kwenye tunda, anakula nini, naye analiwa na nani. Dawa ina nafasi yake, na tutaifikia.

Mtu wa Shinyanga haanzi mbali. Eneo hili limekuwa uwanja wa utafiti wa wadudu kwa takriban karne nzima. Katika miaka ya 1920 na 1930 Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o Tanganyika hadi alipofariki mwaka 1938, aliifanya Shinyanga kuwa kituo chake kikuu. Swali lake halikuwa namna ya kumuua mbung'o mmoja mmoja. Aliuliza ni vichaka vipi mbung'o anavihitaji, kwa kivuli na kwa mazalio, na ni vipi vikiondolewa atashindwa kuishi. Wananchi walikusanywa kwa maelfu wakafyeka, moto ukatumika kwa mpango, na mbung'o akarudi nyuma. Ng'ombe na mashamba vikasonga mbele. Bei yake ililipwa na waliofuata. Ufyekaji ule, ukiunganishwa na upanuzi wa mashamba na mahitaji ya kuni, uliiacha sehemu kubwa ya mkoa ikiwa tupu, hata mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kurudisha miti na kuufufua utaratibu wa Wasukuma wa kutenga ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa ili yapumzike. Nawaomba wanafunzi wasome pande zote mbili za historia hii kwa pamoja. Kubadilisha makazi ya mdudu kunaweza kufanya kazi ambayo hakuna chupa ingeifanya, na kwa sababu hiyo hiyo kunaweza kuharibu kuliko chupa nyingi.

Hatua ya pili ya historia yetu iko Ukiriguru, kusini mwa jiji la Mwanza, kituo ambacho tangu miaka ya 1930 kimekuwa makao ya utafiti wa pamba ya Kanda ya Ziwa na ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI. Adui mkubwa wa mwanzo alikuwa chawajani, mdudu mdogo wa kijani anayefyonza utomvu chini ya jani mpaka kingo zinageuka nyekundu na kujikunja. Watafiti hawakumfuata na bomba. Walichagua mimea yenye majani yenye vinyweleo, kwa sababu chawajani hapendi kutaga wala kula penye vinyweleo, wakaizalisha mpaka ikawa mbegu za mfululizo wa UK ambazo mkulima wa Kishapu bado anazipanda. Ushindi ule hauna jina dukani. Haununuliwi kila msimu, hauchanganywi kwenye maji, na huenda ndiyo maana tumeusahau.

Funza wa vitumba alikuwa habari nyingine. Huyu hatoboi pamba peke yake. Anakula mahindi, nyanya, mbaazi na mtama, na vinyweleo havimzuii. Kwake ilikuja sumu. Zama za sumu za viwandani zilikuwa zimefunguliwa na DDT, ambayo ilimpatia Paul Müller wa Uswisi Tuzo ya Nobel mwaka 1948, nayo ikafika mpaka kwenye mashamba ya pamba. Ikafuata endosulfani, ambayo wengi waliijua kwa jina la thiodan, kisha zikaja dawa za jamii ya pairethroidi kama saipamethrini. Mkulima alifundishwa kupiga kwa ratiba, mara kadhaa kila msimu, na dawa ikapimwa kwa ekari: chupa moja, ekari moja, ile ekapaki tunayoijua. Kwa zao la nguo, mfumo huo ulikuwa na mantiki yake.

Kisha chupa ikatoka shambani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulilifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, baada ya taarifa kwamba kuna wavuvi waliokuwa wakiua samaki kwa viuatilifu. Viwanda vya minofu vilisimama na bei ya sangara ikaporomoka. Sumu iliyotengenezwa kwa ajili ya funza ilikuwa imefika kwenye sahani. Endosulfani yenyewe iliingizwa mwaka 2011 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kukomeshwa duniani. Ningetamani kila anayeuza pembejeo katika kanda hii aijue habari hiyo ya 1999, maana kinachotokea leo kwenye nyanya na matikiti ni ndugu yake: dawa iliyosajiliwa kwa zao moja kuhamia kwenye zao jingine bila mtu kuuliza.

Pamba basi ilitufundisha mambo mengi, nasi tulishika moja. Tulishika chupa. Tukasahau mengine yote ambayo Ukiriguru na Bodi ya Pamba walihimiza kwa miongo mingi: mbegu inayojilinda, masalia kung'olewa na kuchomwa baada ya mavuno ili wadudu wakose pa kulala, na hata karantini ya kusini. Mikoa ya kusini mwa Tanzania ilizuiwa kulima pamba tangu enzi za ukoloni, ili funza mwekundu, Diparopsis castanea, aliyeko nchi jirani za kusini, asipate daraja la kufika Kanda ya Ziwa. Mkulima wa Shinyanga analindwa na shamba lisilolimwa lililoko umbali wa mamia ya kilomita. Ukitaka kuelewa kwa nini tunasema visumbufu ni jambo la jumuiya kabla ya kuwa jambo la mtu, anzia hapo.

Sasa tuje kwenye tunda lenyewe, na tukae zaidi na inzi mmoja.

Mwaka 2003 wataalamu wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao Nairobi, walimkuta katika pwani ya Kenya inzi wa matunda ambaye Afrika haikuwa ikimjua, na Tanzania nayo ikamwona mapema. Mwaka 2005 alipewa jina Bactrocera invadens; mwaka 2015 wataalamu wa uainishaji walikubaliana kuwa ni yule yule Bactrocera dorsalis wa Asia. Kwa zaidi ya muongo mzima, Maulid Mwatawala na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walimfuatilia matunda anayoyashambulia, misimu yake na miinuko anayoipenda. Picha iliyotoka ni ya mdudu wa nchi za chini na joto, anayefurika embe linapoiva na kupungua kadiri unavyopanda mlimani. Inzi wenyeji, akiwamo Ceratitis cosyra ambaye mwembe wa Afrika Mashariki ulishamzoea, walijikuta wanasukumwa pembeni.

Tazama anavyoishi. Jike hutoboa ganda la embe linaloanza kuiva na kutaga mayai chini yake. Mayai huanguliwa ndani ya siku chache. Funza hula nyama ya tunda kwa wiki moja hivi au zaidi, tunda huoza na kuanguka, funza hutoka na kujichimbia sentimita chache kwenye udongo, hapo hugeuka pupa. Baadaye inzi mzima hutoka, na jike huyo mpya hawezi kutaga mara moja; anahitaji kwanza kula protini kwa siku kadhaa, anayoitafuta kwenye majani, kwenye kinyesi cha ndege na kwenye utomvu wa wadudu wengine.

Jiulize sasa: mtu anayepiga dawa juu ya maembe anampiga nani? Mayai na funza wamo ndani ya tunda, pupa yumo ardhini, na inzi mzima muda wake mwingi yuko kwenye majani ya miti mingine. Anayeloana zaidi ni mpigaji mwenyewe. Wanaofuata ni nyuki, na nyigu wadogo ambao wangemsaidia.

Ukishayajua maisha hayo, njia zinajionyesha zenyewe. Embe lililoanguka likiachwa chini ni mazalio, kwa hiyo liokotwe na kufukiwa nusu mita au zaidi, au lifungwe kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuachwa juani mpaka funza wafe kwa joto. Njaa ya protini ya jike ni mlango: chambo cha protini chenye sumu kidogo sana kinarushwa kwenye eneo dogo la majani ya kila mti, wala si kwenye matunda, naye anakifuata mwenyewe. Dume huvutwa na methili-eujenoli, na mtego wake unaweza kutengenezwa kwa chupa ya maji ya kunywa iliyotobolewa pembeni. icipe ilimleta kutoka Hawaii nyigu mdogo, Fopius arisanus, anayetaga ndani ya mayai ya inzi huyu, na nyigu huyo ameachiwa katika nchi kadhaa za Afrika. Hakuna hata moja kati ya njia hizo inayotosha peke yake. Na ile ya kwanza, ya kuokota, haina faida kubwa kama jirani yako mwenye miembe haokoti.

Kwetu kuna fundo la ziada. Mng'ongo, mti wa asili wa nyika zetu, nao huzaa matunda ambayo inzi wa matunda huyatumia. Ngitili ambazo HASHI ilizirudisha ni hazina ya kuni, malisho, asali na maadui wa asili wa wadudu. Pia ni mahali ambapo inzi anaweza kujihifadhi miezi ambayo hakuna embe. Hili halinipi sababu ya kurudi kwenye shoka la Swynnerton. Linanipa sababu ya kutundika mitego ya uchunguzi pembezoni mwa ngitili na kujua lini inzi anaanza kutoka huko, kwa sababu tarehe hiyo ndiyo mkulima wa maembe wa jirani anayoihitaji.

Dhana inayobeba taaluma nzima iliandikwa mwaka 1959 huko California na wanasayansi wanne: Stern, Smith, van den Bosch na Hagen. Walisema mdudu kuwapo shambani si sababu ya kupiga dawa. Kuna idadi ambayo hasara yake ni ndogo kuliko gharama ya kumzuia, na ni pale tu idadi inapoelekea kuvuka mpaka huo ndipo hatua inafaa. Ili kuujua mpaka, lazima uhesabu. Katika mashamba ya pamba ya Afrika ya Kati wakulima walifanya hivyo kwa ubao wenye matundu na kijiti, wakikihamisha kwa kila mmea waliokagua, bila kuhitaji kalamu. Kwa matunda hesabu ni ngumu zaidi, kwa kuwa mnunuzi halikubali embe lenye tundu hata moja. Hapo soko linaingilia sayansi, na mwanafunzi atakayeona mgongano huo mapema atatufaa.

Matikiti maji yanaleta sharti jingine. Ua la kike la tikiti hufunguka asubuhi moja tu, na bila nyuki kulifikia na chavua halishiki tunda, au linashika tunda lililopinda. Anayepiga dawa ya kuua wadudu saa tatu asubuhi maua yakiwa wazi anaweza kuyapoteza matikiti yake kwa mkono wake, halafu akalalamikia mbegu. Bukombe na Kahama ni nchi za asali. Mfugaji nyuki na mkulima wa tikiti wana masilahi yale yale, hata kama hawajawahi kukaa kikao kimoja. Dawa ikibidi, ipigwe jioni.

Nanasi ni tofauti tena, na Geita ina bahati nalo, kwa sababu ganda lake gumu linamkatisha tamaa inzi. Shida yake kubwa inaanzia kwenye maotea ya kupandia. Vidung'ata hujificha kwenye shina la majani, sisimizi wanawalinda na kuwahamisha kwa ajili ya utomvu wao mtamu, na mmea unanyauka kuanzia ncha za majani. Watafiti wa Hawaii waliugundua uhusiano huo miongo mingi iliyopita: ukimdhibiti sisimizi, maadui wa asili wanapata nafasi ya kumfikia kidung'ata. Maotea safi yaliyokaguliwa ni dawa kuliko chupa. Hawaii hiyo hiyo ina onyo pia. Mashamba yake ya mananasi yalitumia DBCP dhidi ya minyoo ya mizizi. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha California walioishughulikia waligundulika kuwa wamepoteza uwezo wa kuzaa, na baadaye kemikali hiyo ilikutwa ndani ya maji ya visima.

Nyanya naigusa tu. Tangu nondo aitwaye Kantangaze, Tuta absoluta, alipoingia Tanzania karibu na mwaka 2014, wakulima wengi wamekuwa wakipiga dawa kila baada ya siku chache na kuchanganya mbili tatu kwenye bomba moja. Funza wake anakaa ndani ya jani, kizazi chake ni kifupi, na kila dawa inayorudiwa inawabakiza wale wachache wasiodhurika nayo, ambao ndio wazazi wa kizazi kijacho. Usugu hauletwi na dawa feki peke yake, ingawa feki zipo. Unatengenezwa na dawa halisi inayotumiwa vibaya.

Kwa kuwa tuko kwenye ukanda wa dhahabu, lazima niseme neno kuhusu sumu na muda wake. Vijijini Geita mtu mmoja anaweza kushika zebaki kwenye marudio asubuhi na bomba la nyanya jioni, akiamini kuwa zote ni dawa kali za aina moja. Haziko hivyo. Zebaki ni elementi, haiozi kamwe. Ikifika kwenye maji vijidudu huigeuza kuwa methili-zebaki, nayo hupanda kupitia samaki hadi kwa mlaji. Sayanaidi huua haraka, lakini jua na hewa huivunja. Dawa za jamii ya oganofosfeti huharibu kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu, ndiyo maana aliyedhurika hutokwa na jasho na mate na mboni zake husinyaa. Nyingi kati yake huvunjika shambani ndani ya siku au wiki. DDT hukaa miaka. Na dawa za ukungu zenye shaba, ambazo wengi huziona za kawaida, huiacha shaba yake udongoni kwa kuwa nayo ni metali. Ardhi pia ina usemi: kichanga cha luseni hupitisha haraka kilichomwagwa, mbuga nyeusi hukishika, ila ikipasuka kiangazi mvua ya kwanza hushuka na kila kitu kwenye nyufa. Anayechimba kisima bondeni chini ya shamba ayakumbuke hayo.

Hapa ndipo kipindi cha kusubiri kati ya kupiga dawa na kuvuna kinapopata maana. Ni siku ambazo dawa inahitaji ili ivunjike hadi kiwango kisichomdhuru mlaji. Lebo huzitaja, nazo hutofautiana kwa dawa na kwa zao. Kwenye pamba hakuna aliyezijali, kwa kuwa hakuna aliyetafuna tumba. Kwenye nyanya zinazochumwa mara mbili kwa wiki, siku hizo zinagongana na siku ya soko, na mara nyingi soko ndilo linashinda.

Sheria ipo. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao Arusha, iliyorithi kazi ya miaka mingi ya TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu. Kiuatilifu halali kina namba ya usajili, jina la zao kinakotumika, na utepe wa rangi chini ya lebo, nyekundu ikiwa ya hatari zaidi na kijani ya hatari ndogo. Hukumu yangu ni kwamba lebo nyingi zimeandikwa kwa herufi ambazo mtu wa makamo hawezi kuzisoma bila miwani, na kwamba muuzaji wa duka la pembejeo ndiye mwalimu wa kweli wa somo hili katika kata nyingi. Kumfundisha yeye kungetufaa kuliko mabango kumi barabarani.

Mapungufu ya taaluma hii kwetu ni makubwa, na kwa anayeanza hiyo ni habari njema. Utafiti mwingi wa inzi wa matunda nchini ulifanyika Morogoro na maeneo ya pwani, ambako mvua na mimea si kama yetu. Kwa hiyo ombi langu kwa msomaji aliyeko Kishapu, Msalala, Nyang'hwale au Chato ni hili: fungua daftari msimu huu. Tundika mtego mmoja kwenye mwembe na mwingine kwenye mng'ongo ulio karibu, hesabu inzi kila wiki, andika tarehe ya mvua na tarehe ya tunda la kwanza kuanguka. Msimu ukiisha, peleka nakala kwa afisa kilimo wa wilaya na nyingine Ukiriguru.